Maji ya Bamvua na Kamba Fupi: Maneno ya Mtu wa Boti Hapa Amu

Mgeni akishuka pale Manda eapoti akapanda boti kuja Amu, yaani Lamu, swali lake la kwanza huwa ni hilo hilo, ati bahari yenu ni hatari wakati gani, na kabla hujamjibu ashajijibu mwenyewe: maji yakipwa. Manake maji yakipwa ndo anaona mafungu ya mchanga yametoka nje, mawe yamechomoza, mashua zimelala ubavu kwenye matope na mabaharia wanatembea kwa miguu pale pale alipopita na boti jana yake. Haya. Mimi kazi yangu ni hii ya boti, abiria na mizigo, Amu kwenda Mokowe, Amu kwenda Pate, mara nyingine wageni wa magofu ya Takwa, na nakwambia maji yakipwa hayanisumbui hata kidogo. Unaona mwamba, unaupisha. Unaona fungu, unazunguka. Likikufika la kukufika utapwelewa, utakaa hapo ule mkate wako unywe chai, maji yatarudi yakuinue uende zako. Maji ya kuyachunga ni yale yaliyojaa mpaka yakafunika kila kitu, bahari imekuwa tambarare inang'aa, boti zimepanda juu karibu na ukuta wa pwani unaingia bila hata kuruka, raha tupu, afu hapo hapo watu wanafunga kamba fupi wanaenda zao msikitini na kula.

Kwa wasio watu wa pwani nieleze kidogo, wenyewe mtanisamehe. Maji yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, kutoka kujaa mpaka kujaa tena ni saa 12 na dakika 25 hivi, ndo maana kila siku wakati unasogea mbele karibu dakika 50. Mwezi ukiandama, na pia ukiwa mpevu, jua na mwezi vinavuta pamoja, kwa hiyo maji yanapanda sana na kushuka sana, hilo ndo bamvua, na kilele chake huja siku moja mbili baadaye. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, yanapanda kidogo yanashuka kidogo, hata mkondo unakuwa mvivu. Wazee wa Amu hawahitaji simu kwa hili, wanahesabu mwezi wa Kiislamu tu: tarehe 1 mpaka 3 au 4 bamvua, 7, 8, 9 maji mafu, 14 mpaka 17 bamvua tena, 21, 22, 23 mafu tena. Na jambo ambalo hata vijana wetu wengine hawalijui ni kwamba bamvua la huku lina saa zake, hujaa saa kumi au kumi na moja, alfajiri na alasiri, na hupwa saa nne au tano, asubuhi na usiku. Maji mafu ni kinyume chake. Kwa hiyo mtu akikwambia leo mwezi kumi na tano na boti yake ya mizigo inapita Mkanda, mlango mwembamba wa kwenda Pate, saa nne asubuhi, ama anakutania ama hajawahi kufika Faza kule Pate.

Kwenye bamvua kubwa tofauti ya maji yaliyojaa na yaliyopwa hapa kwetu inapita mita 3, na yale ya Machi na Septemba, jua likiwa sawa juu ya ikweta, ndo makubwa kuliko yote. Mita 3 ni dari ya nyumba. Sasa hiyo dari haishuki sawasawa. Mita 3 zikigawanywa kwenye saa 6 za kupwa, saa ya kwanza maji yanashuka sentimita 25 hivi, ya pili 50, ya tatu 75, ya nne 75, ya tano 50, ya sita 25. Soma tena hizo namba manake ajali nyingi za kamba ziko hapo. Mtu amefunga boti maji yakiwa juu kabisa, anakaa barazani nusu saa anaitazama, boti imeshuka kidogo sana hata haionekani, anasema ah iko sawa, anaenda nyumbani. Akifika ndani, akivua viatu, akila, akilala kidogo, ndo saa ya tatu na ya nne zinaingia na maji yameondoka mita moja na nusu chini ya boti yake. Kamba haijaondoka.

Boti iliyofungwa fupi maji yakaondoka inafanya moja katika mambo matatu. Kama kamba ni nzuri na nguzo ni nzuri, inaning'inia, upande mmoja juu upande mmoja chini, na kila kilichokuwa ndani, injini, tangi la petroli, nyavu, vinamiminika upande wa chini mpaka maji yaanze kuingia. Kama kamba ni mbovu inakatika, kamba hukatika pabovu si wanasema, na boti inaondoka na mkondo wa kupwa kuelekea Shela na bahari kuu bila mtu. La tatu ndo la kuudhi zaidi kwa wenye mashua za mbao, kile kigogo cha kufungia kinang'oka na ubao wake, unabaki na kamba nzima, fundo zima, kipande cha boti kimekaa gatini na boti yenyewe haipo.

Dawa watu wanafikiri ni kulegeza kamba tu, waiache ining'inie majini, na hiyo nayo si dawa kamili, manake kamba ya nguzo ya karibu iliyolegezwa sana inaachia boti izunguke, igongane na jirani, iingie chini ya jeti maji yakiwa chini, afu maji yakipanda inabanwa huko chini ya mbao za jeti na kuzamishwa huku inajaribu kupanda. Dawa ni kamba NDEFU na kuipeleka mbali. Fanya hesabu ya pembetatu, ile tuliyokuwa tunachapiwa shule. Ukifunga kwenye nguzo iliyo mita 2 kutoka boti yako, maji yakashuka mita 3, kamba inatakiwa iwe mita 3.6, yaani imepungukiwa mita 1.6 nzima, hiyo ndo inakunyonga. Sasa funga kwenye nguzo iliyo mita 9 mbele, maji yashuke mita 3 zile zile, kamba inatakiwa iwe mita 9 na nusu hivi. Nusu mita tu! Nusu mita unaipata kwa kulegeza kidogo na kunyooka kwa nailoni yenyewe. Kwa hiyo kamba ya omo, mbele ya boti, ipeleke mbele mbali, ya tezi, nyuma ya boti, ipeleke nyuma mbali, na ukiwa na kamba zaidi pitisha mbili za mshazari, moja inatoka omo kurudi nyuma na moja inatoka tezi kwenda mbele, hizo ndo zinazuia boti kutembea mbele na nyuma mkondo ukiivuta. Tairi kuukuu ning'iniza chini na juu, si pale tu ukuta unapogusa sasa hivi. Bei ya kamba mita 30 haifiki popote ukilinganisha na injini, na bado utakuta mtu ana injini mpya kabisa kaifunga na kamba aliyookota.

Kuna mtoto wa ami yangu yuko Uingereza, na hakai kwenye nyumba, anakaa ndani ya boti kwenye kanali, zile boti za chuma nyembamba ndefu, upana wake futi 7 tu na urefu unafika futi 70, tumbo lake bapa, jikoni humo humo, kitanda humo humo, jiko la kuni humo humo. Bibi alipoambiwa alinyamaza kidogo afu akasema kwa hiyo ametoka Amu baharini kwenda kukaa mtaroni. Basi yule ananitumia voisi ndefu ndefu usiku, na zamani nilikuwa nasikiliza kwa adabu tu, kanali ni maji yaliyosimama, yana matata gani, kwanza mwendo wao ni maili 4 kwa saa, punda wetu akikasirika anawapita. Lakini kumbe njia zao nyingi zinatoka kwenye kanali na kuingia mto, na mto wa kwao mvua ikinyesha huko juu unapanda kwa masaa machache, maji ya rangi ya chai, miti inaelea, mkondo unavuta kuelekea kwenye kingo za kuporomoshea maji, na hapo ile boti ndefu yenye injini ndogo haigeuzwi. Ananiambia, kaka, huku sisi hatuangalii mwezi, tunaangalia rangi. Sehemu nyingi penye milango ya kupandishia na kushushia boti kuna ubao umepakwa kijani, njano na nyekundu, maji yakiwa kwenye kijani nenda, njano uwe unajua unachokifanya, nyekundu kaa hapo hapo ulipo. Kwenye mto Thames wanatundika vibao vya njano maji yanapoanza kupanda au kupungua, na vyekundu mkondo ukiwa mkali. Na daraja je? Maji yakipanda nafasi ya chini ya daraja inapungua, bomba la moshi la boti linakwangua tao la mawe. Sisi madaraja ya kutukwangua hatuna, alhamdulillahi.

Kilichonifanya nianze kumsikiliza vizuri ni alivyoeleza kufunga. Wao wanafunga kwenye vigingi vya chuma vilivyopigwa ardhini ukingoni. Mto ukifurika ardhi inalowa, vigingi vinachomoka kama karoti, hilo moja. La pili, maji yanapanda mpaka yanafunika ukingo wenyewe, boti bapa inaelea taratibu inasogea juu ya ukingo, juu ya nyasi pale watu wanapotembezea mbwa, mwenyewe amelala ndani hajui kitu, alfajiri maji yanashuka, na boti nusu iko nchi kavu nusu iko hewani juu ya mto. Inaegemea, inaingiza maji kwenye matundu ya sinki na ya injini, inazama ikiwa imefungwa vizuri kabisa. Kwa hiyo wanasimamisha nguzo ndefu kati ya boti na ukingo ili isisogee juu, na usiku wa mafuriko mtu anaamka kila baada ya muda analegeza au anakaza kamba. Nikamwambia lakini ndugu yangu hiyo si ndo ile ile ya ukuta wa pwani hapa nyumbani? Manake bamvua kubwa likija na kusi, upepo wa kusini, linasukuma, maji yanafika juu ya ukuta yanamwagika barabarani punda wanarudi nyuma, na boti iliyokaa karibu sana mdomo wake unapanda juu ya ukingo wa ukuta, unakaa pale, maji yanaanza kuondoka nao umenasa. Ni jambo moja, tofauti ni kwamba yeye maji yake yakipanda hajui yatashuka lini na mimi najua mpaka dakika. Na bado sisi wenye saa ndo tunazembea zaidi.

Kwenye ile milango yao ya kushushia boti wana sheria moja ambayo ningependa ibandikwe kwenye kila jeti ya kaunti hii, ukiwa ndani maji yanashushwa usifunge fundo, zungusha kamba kwenye nguzo tu na ushike mwisho wake mkononi, uiachie kadiri boti inavyoshuka. Fundo lililokazwa na uzito wa boti halifunguki kwa vidole vya mtu yeyote.

Nanga sasa. Hapa ndo nawaona hata mabaharia wazima wanapotea. Unafika mahali saa nne asubuhi bamvua limepwa, kina mita 2, unakumbuka ulivyofundishwa kwamba amari, kamba ya nanga, iwe mara tano ya kina, unatoa mita 10, nanga inashika vizuri unafurahi. Saa kumi alasiri pale pale kina ni mita 5 na zaidi. Amari yako sasa ni mara mbili tu ya kina, inavuta nanga kwenda juu badala ya kuilaza, meno yanatoka mchangani, na boti inaanza safari. Hesabu kina cha maji yaliyojaa, ongeza na urefu kutoka maji mpaka pale kamba inapotokea omoni, ndo uzidishe mara tano, na upepo ukiwa mkali mara saba, kwa hiyo hapo ni mita 25, 30, zaidi. Ukiwa na mnyororo wa mita kadhaa karibu na nanga ndo bora, unailalisha. Afu angalia majirani. Boti ya faiba nyepesi inageuka na upepo, jahazi lenye mkuku mrefu, ule uti wa chini ya chombo, linageuka na mkondo, mkondo wa kupwa ukipambana na kusi kila moja inaelekea upande wake na amari ndefu zinafanya duara kubwa, ukiwa umejibana katikati utasikia mgongano usiku wa manane na lugha utakazosikia si za kuandika hapa.

Kuhusu kupita njiani maji yakiwa juu. Watu wanafikiri Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara tunaopitia kwenda Pate, shida yake ni kupwa tu. Kweli maji yakipwa chombo kikubwa hakipiti, utangoja. Lakini ukiingia bamvua limejaa, njia yenyewe haipo, kuna ziwa tu na vichwa vya mikoko. Ukingo umefunikwa, unaweza kutoka nje ya njia mita hamsini ukadhani bado uko katikati, na chini yako ni mizizi na matope, na maji yanaanza kuondoka dakika hiyo hiyo. Ukipwelewa maji yakiwa yanajaa si kitu, yatakuinua baada ya muda mfupi. Ukipwelewa kwenye kilele cha bamvua, ndani ya mikoko, hesabu, kujaa kunakofuata ni alfajiri, na kama bamvua lishaanza kupungua maji ya kesho hayafiki pale, na ya kesho kutwa ndo kabisa. Unaweza kukaa hapo mpaka bamvua linalofuata au mpaka ukusanye watu wa kuisukuma. Kwa hiyo chombo kizito kipitishe maji yakiwa yanajaa bado, yamebakiza saa moja unusu au mbili, usingoje kilele.

Mikoko yenyewe inaonyesha njia ukijua kuisoma. Mililana na mikoko yenye mizizi iliyosimama juu ya matope, ile mirefu, inasimama ukingoni mwa mkondo, inapenda maji. Mikandaa mifupi inaanza huko ndani kwenye matope yasiyofikiwa na maji kila siku. Ukiona umezungukwa na mikandaa wewe hauko njiani tena ndugu, umeingia shambani. Pale kwenye kijito cha kwenda Takwa ndo darasa zuri, kijito kinaingia Manda kupitia mikokoni na hakiingiliki ila maji yamejaa, kwa hiyo kila anayeleta wageni kuona magofu ana saa mbili tatu tu za kuingia, kutembea, na kutoka. Watu wa Takwa waliuhama mji wao karne ya 17, na wengi wa Shela wanasema wao ndo kizazi chao, lakini mgeni wako asiposikiliza ukimwambia turudi sasa atalala huko na mbu. Injini pandisha juu kidogo, punguza mwendo, na pondo, ule mti mrefu wa kusukumia boti, liwe mkononi si limefungwa kando. Pondo linakwambia kina, linakwambia ni matope au jiwe, na injini ikizimika ndo gari lako.

Kitu kingine bamvua linaokota. Kila kilicholala juu ufuoni wiki mbili, magogo ya minazi, boriti, madumu, vipande vya nyavu, yote yanainuliwa siku moja na kuanza kuelea, nusu ya gogo iko chini ya maji huioni. Wavu ukijizungusha kwenye propela katikati ya Mkanda mkondo ukiwa saa ya tatu, utajua kuogopa. Mbele akae mtu anayeangalia maji, asiyeshika simu.

Mlango wa Shela nauweka peke yake. Maji mengi ya kupwa ya huku ndani yanatokea pale kwenda bahari kuu, na wakati wa kusi upepo na mawimbi vinatoka huko nje kuja ndani, vinakutana uso kwa uso. Wakati wa kujaa pale ni pazuri mtoto anaweza kupita, saa tatu baada ya kujaa bamvua pale pale mawimbi yanasimama wima mafupi mafupi yanavunjika, boti ndogo inazama omo. Mwezi wa sita na wa saba, Idara ya Hali ya Hewa ikitoa ilani ya upepo mkali na mawimbi ya kupita mita 2, mimi siko pale maji yakipwa hata ulipe nauli mara tatu.

Ukija kufunga pia mkondo uukabili, uje ukiwa umeuelekea, hapo injini inasukuma na boti imesimama, una muda wa kutoa kamba ya omo kwanza. Ukija na mkondo nyuma usukani haushiki, na ole wako utoe kamba ya tezi kwanza, mkondo utaugeuza mdomo wa boti uende kugonga wa jirani.

Sasa maji yasiyo na saa. Hapa karibu tunayo pia, tusijifanye ni ya Uingereza tu. Mto Tana. Wahenga wa huko walichimba mfereji wa Belezoni karne ya 19 kuunganisha Tana na Ozi, na mto ukaupenda ule mfereji mpaka ukahamia, ndo maana leo Tana inamwaga Kipini. Mto unaoweza kuhama kwake si wa kuuzoea. Mwisho wa 2023 mvua za El Niño zilipoikata barabara ya Garsen na Lamu pale Lango la Simba, boti zikawa ndo mabasi, na mwisho wa Aprili 2024 Tana ikiwa imefurika boti ya abiria ilipinduka Kona Punda huko kati ya Garissa na Madogo, watu wakafariki. Fundi wa bahari akichukuliwa kwenda kuvusha watu kwenye mafuriko anajiona ameshuka daraja, mto tu huu, lakini mto hauna kupwa kwa kungojea, mkondo ni upande mmoja mchana na usiku, unapita juu ya miti na nyaya za ua na mabati ambayo huyaoni, na kila ukikata ukingoni boti inasukumwa ubavu. Ningeambiwa nichague, Shela ya mwezi wa saba au Tana iliyofurika, ningechagua Shela, angalau pale najua saa ya kutokwenda. Laifujaketi kwa kila mtu, zivaliwe, zisikaliwe. Hili nimechoka kulisema.

Na Maulidi yakija, kwa kuwa yetu huwa wiki ya mwisho ya Mfungo Sita, mwezi wa Rabiul Awwal, jueni maji yanatoka mafu yanaingia bamvua katika siku hizo hizo mji umejaa wageni na boti zimefungwa tatu tatu kwa ubavu. Kamba iliyotosha siku ya kwanza ya sherehe haitoshi siku ya mwisho. Kila boti iwe na kamba zake mpaka nchi kavu, usiitundike yako kwenye ya jirani. Na hawa vijana wa faiba wenye injini kubwa, wanapita karibu na ukuta mwendo wa mashindano maji yakiwa juu, wimbi lao linainua mashua zote kwa pamoja na kuzibamiza ukutani, kalafati, pamba ya kuziba mbao, ya mtu aliyokaa Matondoni wiki nzima akiipiga inafunguka kwa sekunde moja, na wao washafika Shela. Mwenye mashua ya mbao iliyokaa juu kavu kaskazi yote, ukiishusha bamvua likija usiiache peke yake usiku wa kwanza, mbao zimekauka zimeachana, itakunywa maji mpaka ivimbe, kaa nayo na kopo la kutolea maji.

Mwisho, ukifika ukakuta boti ishaning'inia. Usiingie ndani kuokoa simu wala injini. Aliyemo atoke, kwa upande wa juu. Kama kamba imezungushwa kwenye nguzo iachie taratibu, ukae pembeni, si kwenye mstari wa kamba, nailoni iliyovutika ikikatika inarudi na nguvu ya kuvunja mkono. Kama ni fundo, hapo ni panga na hakuna lingine, watu wawili, mmoja omo mmoja tezi, mzikate kamba pamoja kwa kuhesabu, manake ukikata upande mmoja peke yake boti inaanguka kichwa na kubaki imetundikwa mkia. Iwe na kamba nyingine ndefu ishafungwa tayari kabla ya panga, isije ikashuka salama afu ikaenda Somalia. Na mwenye kamba akija kulalamika umeikata kamba yake, mwambie anunue mita 30.